Niliondoa Jina, Nikamwacha Punda

Kwetu Kaloleni, hapa Arusha, ukitaka risala unaelekezwa kwangu. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Kipaimara, harusi, sendofu, kustaafu kwa mhasibu wa kanisa, msiba wa ghafla ambao familia haina hata nguvu ya kushika kalamu: watu wanapiga hodi, nawakaribisha chai, nawauliza maswali, na kesho yake wanakuta karatasi mbili zimechapwa vizuri. Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka mingi. Kufundisha kumenichosha, nisiwadanganye, lakini kuandika wasifu wa mtu hakukuwahi kunichosha hata siku moja. Nilikuwa na kipimo changu ambacho sikumwambia mtu. Nikisoma, naangalia mstari wa mbele. Wakitoa leso, nimefaulu.

Nasema "nilikuwa" kwa sababu siku hizi naandika tu, sisomi tena mbele za watu. Nitaeleza kwa nini, na tafadhali msinionee huruma mapema.

Kamati moja ya watu wa hapa mjini, wafanyabiashara na wastaafu, wengi wao Wachaga wenzangu, iliamua kuwaenzi viongozi wa asasi ndogo ndogo zinazohangaikia afya za watu wasiofikiwa. Wazo lilikuwa zuri, na hadi leo nasema lilikuwa zuri. Tumezoea kuwapigia makofi wenye magari yaliyoandikwa ubavuni. Hawa walikuwa watu wa kutembea kwa miguu, wenye ofisi chini ya ngazi ya nyumba ya mtu, na hakuna aliyewahi kuwapa hata kiti cha mbele. Walichaguliwa watano. Mwenyekiti akanipigia simu.

"Mwalimu, tuandikie wasifu wao na uusome mwenyewe. Lakini watu walie, eh?"

"Mwenyekiti, mimi tena?" nikacheka. "Wewe andaa leso."

Wanne niliwamaliza ndani ya wiki. Watu wa mjini wanajua kujieleza, unauliza swali moja wanajibu matano. Wa tano alikuwa mama aliyekwisha kula chumvi nyingi, Mwarusha, anayeishi kwenye miteremko ya Meru upande wa magharibi, juu ya Ngaramtoni. Huko kwao wanamwita Yeyo, yaani mama, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Kazi yake ni kuwatafuta wanawake walioumia wakati wa kujifungua, wale ambao uchungu ulikaa siku mbili tatu nyumbani, mtoto akafa, na wao wakabaki wanavuja mkojo mchana na usiku bila kuweza kujizuia. Hospitalini wanaita fistula. Inatibika, tena kwa upasuaji mmoja mara nyingi, lakini mwenye nayo anajificha. Ananuka, anaambiwa amelaaniwa, anahamishiwa kibanda cha nyuma. Yeyo anawatafuta mmoja mmoja, anawashawishi, kisha anawapeleka hospitali.

Nilimfuata siku ya soko, na nilikwenda nimevaa viatu vya kanisani vya kisigino, mpumbavu mimi, kwenye tope lile. Nilitegemea kukuta chumba chenye meza na bango. Nilimkuta amekaa chini, shuka la bluu mabegani, mbele yake gunia la magadi.

"Shikamoo, yeyo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ofisini."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Cheti cha usajili kilikuwa nyumbani kwake, kwenye sanduku, chini ya kanga. Ofisi ilikuwa hapo. Akanieleza kwa sauti ya chini huku anapima magadi kwa kikopo: kila mwanamke anapika maharage, kila mwanamke ananunua magadi, na hakuna mama mkwe duniani atakayeuliza kwa nini mkwewe alisimama kwa muuza magadi. Mtu anachuchumaa, anachagua vipande, analamba kidogo, analalamika kwamba ya wiki iliyopita yalikuwa na mchanga, na katikati ya malalamiko anasema lililomleta. Nilikaa pale tangu asubuhi mpaka saa nane mchana nikiwatazama wanawake wale usoni mmoja mmoja, na sikuweza kumtambua hata mmoja aliyekuja kwa jambo lingine. Aisee, nilivua kofia nisiyokuwa nayo.

Akanisimulia habari za hospitali. Zamani, wanawake wake wakishuka kutoka mlimani walikuwa wanaambiwa wasogee kwenye benchi kwa sababu ya harufu. Wengine waliulizwa maswali kwa sauti mbele ya foleni nzima, kwa Kiswahili cha haraka wasichokielewa, wakanyanyuka na kurudi nyumbani kwa miguu. Yeyo akaanza kukaa nao. "Mgonjwa wangu akiambiwa asogee, nasogea naye. Tukifika mwisho wa benchi, tunakaa chini wote wawili." Akagombana na manesi, akaomba, akarudi, akagombana tena, miaka ikapita, mpaka akapewa chumba kidogo cha pembeni chenye mlango unaofungwa, wanawake wake waulizwe humo, kwa lugha yao, naye akiwa mkalimani.

"Andika hicho chumba," aliniambia.

Niliandika neno "chumba" kwenye daftari langu, nikajisemea moyoni: nani atalia kwa ajili ya chumba?

Hapo ndipo nilipoanza kumsumbua. "Yeyo, nipe kisa kimoja. Kimoja tu. Watu wasipomwona mtu hawashtuki." Akakataa. Nikabembeleza kwa upande mwingine. Akakataa kwa upole, kama unavyomkatalia mtoto peremende. Kisha mvua ikashuka, tukakimbilia chini ya bati la mashine ya kusaga, magunia ya magadi miguuni mwetu, na mashine inanguruma kiasi kwamba mtu wa tatu asingeweza kutusikia. Nadhani alichoka. Au labda aliniona kama mtu, si kama kamati. Akanisimulia.

Kulikuwa na mwanamke aliyeumia hivyo. Ndugu wa mume walimshauri mume amrudishe kwao, naye akakataa. Alfajiri moja akampandisha mkewe juu ya punda wake mweupe, punda mwenye sikio moja lililokatwa, akamfunika kwa magunia ya mahindi kama mtu anayekwenda kusaga, akamteremsha mpaka barabarani ambako Yeyo alikuwa anasubiri. Nyumbani waliambiwa kwamba bibie amekwenda Monduli kumuuguza dada yake. Akatibiwa, akapona, akarudi na vitenge vipya. Baadaye akazaa mtoto mwingine, salama, hospitalini. Mpaka siku ile mama mkwe alikuwa hajui kwamba ile dhiki ilikuwa ugonjwa, na kwamba ulitibiwa. Alidhani maombi yamejibiwa.

Nililia pale pale chini ya bati. Na Yeyo akaniambia, nayakumbuka maneno yake yote: "Hii nimekupa wewe. Isiingie kwenye karatasi."

"Sawa, yeyo," nikasema.

Sasa ngoja niseme jambo kabla sijaendelea. Nimeandika punda mweupe. Hakuwa punda, wala hakuwa mweupe, na sikio lake lilikuwa zima. Alikuwa mnyama mwingine mwenye alama nyingine, na ng'o, simtaji. Monduli nayo si Monduli. Hata magadi msidhani ni magadi. Ukienda Ngaramtoni ukamtafuta muuza magadi, utampata muuza magadi, utanunua magadi, utarudi nyumbani kupika maharage. Haya yote nimemsomea Yeyo neno kwa neno kabla hayajatoka, akaniondolea mistari mitatu, na mahali ilipokuwa sikuongeza kitu. Ndiyo, nimejifunza. Nimejifunza nimechelewa.

Maana siku ile, nilipofika nyumbani na kukaa mezani, niliiandika. Nilijiambia kwamba watu wanyenyekevu wote husema usiandike, na kazi ya mwandishi ni kuwashinda. Nikajiambia pia kwamba mimi ni mwangalifu. Niliondoa jina la mwanamke, ambalo hata hivyo sikulijua. Niliondoa kitongoji, mwaka, idadi ya watoto. Nikabaki na mume, magunia, na punda mweupe mwenye sikio lililokatwa, kwa sababu yule punda alikuwa mzuri mno, jamani, alikuwa anaifanya picha isimame. Nikasoma mara mbili nikaridhika kwamba hakuna anayeweza kumjua mtu hapo.

Mimi nimezaliwa uchagani. Kwetu mnyama anakaa zizini, analetewa majani, na jirani anaweza kumaliza mwaka hajamwona ng'ombe wako. Ukisema "ng'ombe mweusi mwenye doa" hujasema kitu. Miaka yote niliyoishi Arusha, ninawaona watu wa upande ule wakiswaga mifugo barabarani, sikuwahi kufikiria kwamba kule mnyama anapita mbele ya kila mlango kila siku, na kwamba watu wanaweza kusahau jina la mtoto wako wa tatu lakini si alama ya mnyama wako. Mwarusha yeyote wa darasa la pili angenisahihisha. Sikumuuliza Mwarusha yeyote. Aliyekuwepo wa kumuuliza alikuwa ameniambia nisiandike.

Sherehe ilifanyika kwenye ukumbi mmoja Levolosi. Mgeni rasmi alichelewa kama wageni rasmi wote, kwaya ikaimba nyimbo zake zote ikaanza kuzirudia, na mimi nimekaa na karatasi zangu kwenye bahasha nikijisikia kidogo mgeni rasmi pia. Yeyo alikuwa mstari wa mbele, shuka jipya, ushanga shingoni, mikono mapajani. Nilimwacha awe wa mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kisa.

Nikasoma. Sitadanganya, nilisoma vizuri kuliko siku zote. Nilipofika kwenye magunia nikashusha sauti. Nilipofika kwenye punda nikanyamaza kidogo, nikasikia ukumbi umeshikilia pumzi. Leso zikatoka. Mwenyekiti mwenyewe akavua miwani. Niliangalia mstari wa mbele kama kawaida yangu, na nikaona kwamba watu wote wanalia isipokuwa Yeyo, aliyekuwa anaangalia sakafu.

Nikafikiri anaona haya. Akaitwa, akapewa kitu cha kioo chenye maandishi na cheti kwenye fremu, vigelegele vikapasua bati. Mshereheshaji akamwekea kipaza sauti mdomoni. Akasema, "Asanteni. Mungu awabariki," akarudi kukaa.

Nilimfuata nje, karibu na masufuria ya pilau, nikiwa bado natabasamu, nasubiri kushukuriwa.

"Mwalimu," alisema, "umeondoa jina, ukamwacha punda."

"Yeyo, Tanzania hii ina punda wangapi?"

"Kwetu yuko mmoja."

Mimi nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua. Nilimwambia kwamba nimekesha siku tatu kwa ajili yake, kwamba watu wazima wamelia mle ndani, na kwamba yeye anahesabu masikio ya punda. Sahani yake aliifunika kwa sahani nyingine, akaenda barabarani kutafuta gari la kurudi. Jioni nilimwambia mume wangu, huku navua viatu: "Watu wengine hata ukiwaheshimu hawajui kupokea heshima." Natamani ningekuwa nimesahau kwamba nilisema hivyo. Sijasahau.

Mtu alikuwa amenirekodi. Kufikia Jumapili, ile video ilikuwa imezunguka: kundi la kwaya, kundi la wazazi wa shule, kundi la watu wa Machame waishio Arusha. Kila mmoja ananitumia na vile vimikono vya kupiga makofi. Na hapa lazima niseme, ingawa hakuna aliyenibana niseme: mimi mwenyewe niliituma kwenye makundi manne. Kwenye mojawapo kuna mama anayeuza mbegu Ngaramtoni. Sijui kama ilipitia kwake. Sitaki kumuuliza.

Baada ya siku kumi hivi, Yeyo alipiga simu. Hakunisalimia kwa maneno mengi. "Mwalimu, njoo."

Nilimkuta mahali pake, mbele ya gunia lake. Wateja walikuwapo, wananunua, wanaondoka. Hakuna aliyechuchumaa akakaa. Nilikaa karibu naye na akanieleza bila kunitazama, mikono yake ikipima. Wanaume kwenye mnada walimwita yule mume kwa mbali: leo umebeba mahindi au umebeba mke? Wakacheka. Yeye akamuuza yule mnyama siku ile ile, kwa mtu wa mbali. Lakini maneno yalikuwa yameshafika nyumbani, na mama mkwe, aliyefichwa miaka yote, akasema maneno ambayo mwanamke hawezi kuyasikia akabaki. Amechukua mtoto amekwenda kwao. Mume anakwenda kumwona Jumapili.

"Atarudi?" niliuliza.

"Sijui, mwanangu."

Nilitamani anitukane. Kweli kabisa, nilitaka anipige hata na kile kikopo. Lakini alikuwa na jambo lingine, na ndilo lililomfanya anipigie. Wiki ile madaktari wa upasuaji walikuwa wanakuja hospitalini, bure, jambo ambalo halitokei mara kwa mara na hakuna anayejua litatokea lini tena. Wanawake wanne walikuwa wamekubali kwenda. Watatu wametuma ujumbe kwamba hawaendi. Wanasema Yeyo siku hizi ni mtu wa redio, atawasoma.

"Wawili ni watu wazima, wataweza kungoja," alisema. "Ninayemwogopea ni yule binti. Ana miaka kumi na tisa. Miezi minane nimepanda kwao kumbembeleza, akakubali. Sasa amefunga mlango. Na hanywi maji, mwalimu. Ili asivuje, hanywi maji. Anajiua taratibu." Hapo ndipo aliponitazama. "Ulisema na ukumbi mzima wakakusikia. Kesho kutwa gari linaondoka. Twende ukaseme na mmoja."

Tulipanda kesho yake mchana. Njia inapita kwenye migomba na mahindi, halafu inakuwa nyembamba, na pumzi zikawa zinaniishia huku Yeyo, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, anatembea mbele bila hata kuhema. Njia nzima nilikuwa natunga radhi yangu. Ndiyo, natunga! Nilikuwa nimeipangia mwanzo, kati na mwisho.

Mama wa binti alitukaribisha loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, kisha akatuonyesha kibanda nyuma ya zizi. Yeyo akasimama mlangoni.

"Takwenya," alimsalimia.

"Iko," sauti ikajibu kutoka ndani.

Wakazungumza Kimaa kidogo. Yeyo akanigeukia: "Amemaliza darasa la saba, Kiswahili anakijua. Mimi niko nje na ng'ombe. Litakalosemwa humo ni lenu wawili."

Ndani palikuwa safi kuliko jikoni kwangu. Harufu niliyoikuta ilikuwa ya sabuni, sabuni nyingi mno, na chini yake ile nyingine. Binti alikuwa amekaa juu ya ngozi, midomo imekauka mpaka imepasuka, vidole vyake vimechubuka kwa kufua. Akanyanyuka nusu akasema, "Shikamoo, mwalimu," kama mwanafunzi wangu yeyote. Niliona haya hata kuitikia marahaba.

Nikaanza radhi yangu. Nilisema nimekosa, nimevunja neno, nimemuumiza mtu nisiyemjua, na kwamba Yeyo hana hatia hata chembe, hakuniruhusu, ni mimi. Nilisema asiniadhibu mimi kwa kuuadhibu mwili wake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Unasema vizuri," alisema. "Hata kwenye simu ulisema vizuri."

Akaokota kijiti akawa anakivunja vipande vidogo.

"Mwalimu, wewe una la kwako?"

"La kwangu?"

"Jambo ambalo hutaki lisomwe. Niambie moja. Mimi nitakaa na lako, wewe ukae na langu. Ukiniambia, kesho napanda gari."

Basi. Hakutaka zaidi ya hilo. Hakutaka nilie, hakutaka nipige magoti.

Na ninalo. Nani hana? Langu lilinipata nikiwa na miaka ishirini na mbili, na mume wangu niliyeishi naye muda wote huu halijui, na mama yangu alikufa halijui. Lilikuja lenyewe mpaka kwenye ulimi. Nikafungua mdomo. Nikamwona mama yake binti akienda sokoni. Nikaiona kwaya. Nikawaona wanafunzi wangu wananong'ona kwenye korido. Nikafikiri: huyu akisema, je?

Nilifikiri hivyo, kwa maneno hayo hayo, nikiwa nimekaa mbele ya mtu niliyetaka aniamini.

Nikampa jingine. Nilimwambia kwamba nikiwa chuo cha ualimu niliwahi kunakili jibu la mwenzangu kwenye mtihani. Yesu na Maria, hata kuliandika sasa hivi uso unawaka. Binti alitabasamu, kwa adabu, kama unavyomtabasamia mgeni aliyekuletea zawadi usiyoihitaji.

"Hilo hata mimi ningelisoma kwenye redio," alisema. Akaviweka vipande vya kijiti pembeni, kimoja kimoja. "Haya, mwalimu. Nimekusikia."

Nilitoka. Yeyo alikuwa ameegemea boma, ananichunguza usoni. Tukateremka, na safari hii hata mimi sikuwa na la kutunga.

Usiku ule niliamua. Niliamua kwa dhati, nikaamka alfajiri, nikamwambia mume wangu nina kikao shuleni, nikafika njia panda ya Ngaramtoni kabla gari halijafika, nikiwa na neno langu tayari mdomoni. Nilimwomba Yeyo tupande tena, dakika chache tu, nitamwambia binti lote. Akatazama mlima, akatazama saa ya dereva.

"Kupanda na kushuka ni mwendo wa saa tatu nzima," alisema. "Daktari anaanza saa mbili. Huyu wangu mmoja asikose kwa sababu yetu."

Huyo mmoja alikuwa mama mtu mzima, mnene, mcheshi, asiyekuwa na simu, na nadhani ndiyo sababu alikuja. Tulingoja kidogo. Yeyo alisimama amekazia macho ile njia ya mlimani, mikono nyuma, na kila alipotokea mtu kwenye kona alinyanyua kidevu. Walikuwa wanawake wa maziwa, na watoto wa shule. Dereva akapiga honi.

Wiki mbili baadaye nilipanda peke yangu. Mama yake alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda, akasema binti amelala. Nikapanda tena mwezi uliofuata, akasema amelala. Yeyo bado anakwenda kwake, na kuhusu hilo haniambii neno, na simuulizi.

Lakini asubuhi ile, dereva alipopiga honi, nilibaki nimesimama kando ya gari sijui niende wapi. Yeyo akanifungulia mlango.

"Panda," alisema. "Nafasi ipo."

Nilipanda. Kiti kilikuwa kimetandikwa nailoni na juu yake kanga iliyokunjwa vizuri, Yeyo alikuwa ameviandaa tangu jana, na nilikaa juu yake kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukaa. Yule mama mcheshi alisinzia kabla hatujafika Sakina. Nami nikainama karibu na sikio la Yeyo nikamwambia. Lote. Mwaka, mahali, nani, na nilichofanya baadaye. Mara ya kwanza maishani mwangu lilitoka nikalisikia kwa masikio yangu, na nililia mpaka dereva akapunguza mwendo.

Yeyo alinishika mkono akaushikilia. Hakushtuka, hakunihukumu. Alingoja mpaka nikamaliza kupenga.

"Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana. Lakini si mimi niliyekuuliza."